Mkono Uliobaki Begani

Mbele ya jeneza, juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, waliweka picha ya marehemu kwenye fremu yenye utepe mweusi kona moja. Alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechokozwa na jambo la pembeni, kichwa kimeinama kidogo, kilemba kimelegea, jino moja la dhahabu limeshika mwanga. Na begani kwake, upande wa kushoto wa picha, kulikuwa na mkono. Vidole vinne, pete moja, bangili nyembamba, kisha ukingo wa fremu. Mwenye mkono alikuwa amekatwa. Watu walipita mbele yake mmojammoja, wakainamisha vichwa, wakajifuta macho kwa ncha za khanga, na sikumwona hata mmoja aliyejiuliza ule mkono ni wa nani. Mimi niliutazama mpaka padre akamaliza mahubiri, kwa sababu picha ile niliipiga mimi, na sikuipiga kwa ajili ya msiba.

Nilimpata ukumbini Sinza, Dar es Salaam, meza ya nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, mahali wanapokaa mashangazi waliosafiri kwa basi kutoka mkoani na wanaojua wenyewe kwamba shughuli hii haikuandaliwa waonekane wao. Bibi harusi alikuwa mtoto wa kaka yake. Orodha niliyopewa na kamati ilikuwa na maharusi, wazazi wa pande zote mbili, wasimamizi, kamati yenyewe (kamati haijisahau), keki, ndafu, shampeni na zawadi. Shangazi hakuwemo. Nilipeleka jicho kule kwa kuwa emsii alikuwa anarudia utani ambao nusu ya ukumbi ulishausikia kwenye harusi nyingine, na kule nyuma kulikuwa na mtu anayecheka kwa sababu zake. Aliyeketi kando yake, mwenye ule mkono, alikuwa anamnong'oneza. Nikabonyeza. Picha ikaingia kwenye fleshi pamoja na mamia ya nyingine, fleshi ikaenda kwa maharusi, nami nikaenda kwenye kazi ya Jumamosi iliyofuata. Baada ya hapo sijui ilipita kwa nani, lakini naijua njia ambayo picha za namna hii hupita: mpwa anaiona, anaitupia kwenye grupu la ukoo, inapakuliwa, inakatwa kwa kidole juu ya kioo cha simu, inatumwa tena, na kila safari inazidi kuwa na chengachenga, hadi inamfikia fundi wa mabango ambaye desturi yake ni kuikuza na kuitia mawingu na njiwa. Ndugu wa shangazi walikataa njiwa. Waliacha kicheko, na mkono nao ukabaki, maana kuuondoa kungelazimu kukata bega.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya picha inayoagizwa na picha inayohitajika, na jinsi hizi mbili zinavyopishana mlangoni. Kila mpiga picha wa kujitegemea mjini hapa anazijua zile simu. Zinapigwa usiku wa manane au alfajiri, sauti ya upande wa pili imekauka: kaka, samahani kwa kukusumbua, wewe ndiye uliyepiga harusi ya dada yetu, huenda una picha ya baba? Mtu ameishi, amesomesha, amejenga, ana watoto na wajukuu, na nyumba nzima haina picha yake hata moja ya kutazamika. Kuna ile ya kitambulisho cha taifa, iliyopigwa foleni ikiwa ndefu na mpigaji amechoka. Kuna paspoti saizi yenye ukuta wa bluu, uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Kuna ya ujana, ya studio, suruali bugaluu na nywele za afro, ambayo wajukuu wanabisha kuwa siye babu. Basi wanamtafuta pembezoni mwa sherehe za wengine: baba nyuma ya keki, baba akipokea soda, baba akisikiliza hotuba ndefu ya mwenyekiti huku mkono umeshika shavu. Nami nafungua diski, nakuza kona ya picha ambayo siku zote niliihesabu kuwa ya keki, na baba namkuta yupo, amekaa, ananisubiri.

Fremu mbele ya jeneza ni desturi ya misiba ya Kikristo zaidi. Kwa jirani zangu Waislamu maiti huharakishwa, hakuna utepe wala fremu, na anayekumbukwa hukumbukwa kwa dua na hitma. Lakini nao hupiga simu. Hupiga baadaye, pengine arobaini imeshapita, kwa sauti ya chini zaidi. Binti mmoja anataka picha ya mama yake aiweke kwenye simu, asiionyeshe mtu.

Anayeisikia kazi hii kwa mbali hudhani ni kazi ya kutafuta uzuri. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya kutafuta kodi ya nyumba. Mpiga picha wa kujitegemea hana bosi, na kwa hiyo kila mtu ni bosi wake. Jumatatu ni dalali anayetaka sebule ionekane pana na ufa ukutani usionekane kabisa. Jumanne ni mgahawa, chipsi mayai zinapoa sahanini wakati nasubiri wingu lipite. Jumatano ni semina hotelini: washiriki wameshika vyeti, mgeni rasmi katikati, nyuma bango lenye nembo za wafadhili, na nembo zote lazima zisomeke, nyuso zikififia kidogo hakuna atakayelalamika. Katikati ya wiki kuna paspoti saizi, kuna mahafali, kuna mwenye duka la vitenge anayetaka kila kitenge kipigwe kivyake na rangi isidanganye. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, Jumapili kipaimara. Siku zinazobaki ni za kuchagua na kusafisha picha kwenye kompyuta mpaka macho yawashe, na za kudai. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakuwahi kudai salio kwa kamati ya harusi iliyokwisha kuvunjwa. Kamati ikishavunjwa kwa nyama choma na bia, mwenyekiti anarudi kuwa mtu wa kawaida mwenye simu isiyopatikana, na deni lako halina mwenyewe. Ndiyo maana wakongwe wa kazi hii huchukua nusu ya malipo mbele, kisha nusu ya pili asubuhi ya harusi kabla kamera haijatolewa begani. Mkono mtupu haulambwi, na fundi anayeona aibu kusema hivyo hamalizi mwaka.

Wala kufukuzia malipo si jambo la wadogo tu. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa bado kijana, anakumbukwa na dunia kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, alizozipiga Korem, ambazo ziliwafanya watu wa nchi za mbali waache chakula mezani. Lakini kabla ya Korem ilikuwepo miaka ishirini ya kuuza chochote kinachouzika: mbio za magari, marais wakishuka ndegeni, magwaride, vurugu za huku na kule. Aliyeagiza picha ya rais akishuka ngazi aliipata, akalipa, akaitumia siku moja. Leo mtu akizitafuta picha hizo, macho yake hayaendi kwa rais. Yanakwenda kwa walioshika bendera ndogo nyuma ya kamba, kwa viatu vyao, kwa mitindo ya nywele, kwa majengo yaliyokwisha kubomolewa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna kamati inayoweza kukiagiza, nacho ni mwanga. Dar es Salaam iko nyuzi saba kasoro kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, mtu akasimama juu ya kivuli chake kama aliyekikanyaga. Miezi mingine haiachani sana na hiyo. Jua la namna hii linachimba mashimo machoni, linaweka doa jeupe puani na kwenye paji la uso, linafanya watu wazuri waonekane wagonjwa. Na ibada ya ndoa, kwa ukaidi wa ajabu, humalizika saa saba mchana. Hapo ndipo bibi harusi anapotoka kanisani, matarumbeta yanapiga juu ya pikapu, ndugu wanapiga vigelegele, na kila mtu anataka picha pale pale kwenye ngazi. Unatafuta mwembe. Unatafuta veranda, ukuta mweupe unaorudisha mwanga, chochote. Kijana anayenishikia taa ameshajifunza kutazama ardhini kabla ya kutazama watu: anatafuta kilipo kivuli, kisha anawaita. Mwanga wenyewe, ule ambao uso wa mtu mweusi unaupokea na kuurudisha ukiwa na rangi ya asali, huja baada ya saa kumi na moja jioni, na huku kwetu haukawii. Nchi za kaskazini jua huzama kwa kujivuta. Hapa likishagusa upeo wa macho usiku uko nyuma yake. Msafara uliokwama kwenye foleni ya magari ya makutano ya Morocco hufika ufukweni ukakuta giza.

Nimetaja uso mweusi makusudi. Fungua albamu za harusi za miaka ya sabini na themanini, zile zenye kurasa za gundi na plastiki, utaona gauni limetokea vizuri mpaka uzi wa lesi, na ndani ya gauni kuna giza lenye meno. Watu hucheka, husema mafundi wa zamani hawakujua kazi. Mafundi walijua. Filamu ndiyo haikuwajua wao. Kodak ilikuwa ikiyapelekea maabara ya kusafishia picha kadi ya mwanamke mzungu, mafundi wakaizoea kwa jina la Shirley, na rangi zote zilisawazishwa mpaka ngozi ya Shirley ipendeze. Ngozi nyingine zijitegemee. Inasimuliwa kwamba watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao ni miongoni mwa waliolalamika kwa nguvu kuwa kahawia za bidhaa zao hazitokei sawasawa, na malalamiko ya kabati yakafika mbali kuliko ya binadamu. Kamera za leo ni bora, lakini ndani yake bado kuna kipimo cha mwanga kinachodhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha, kinaogopa weupe, kinapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama. Kazi yangu hapo ni kukikatalia. Nafungua mwanga zaidi ya ninavyoshauriwa, gauni lipoteze uzi mmoja mmoja wa lesi, uso ubaki. Wapo wateja waliolalamikia lesi.

Watu hunihurumia kwa sababu ya simu. Kila mtu sasa ana kamera, wanasema, nyie mtakula wapi? Ni kweli zinakera. Maharusi wakianza kuingia ukumbini, mikono hamsini yenye simu inatangulia mbele ya lenzi yangu kama kichaka. Lakini nimezitazama simu hizo kwa muda mrefu na nimeona zinakoelekea. Zinaelekea kwa maharusi, kwenye keki, halafu zinageuzwa kwa wenye simu wenyewe, midomo imechongolewa. Hakuna simu inayoelekea mlango wa jikoni. Mama aliyeamka saa tisa za usiku kuosha mchele, mjomba aliyekaa getini kupokea kadi, mtoto aliyelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa, jirani aliyekodisha sufuria akaja nazo mwenyewe asizipoteze, hawa wanapita katikati ya mamia ya kamera na kutoka bila kuguswa. Asiyekuwepo na lake halipo, tunasema, tukimsema mtoro. Wapo ambao walikuwepo tangu kulipokucha na bado lao halipo. Mpiga picha mwenyewe ni mmoja wao. Pitia kazi za maisha yake yote utamkosa, isipokuwa kivuli chake kilichoingia kwa bahati mbaya kwenye mchanga wa ufukweni, au umbo dogo jeusi ndani ya miwani ya bwana harusi.

Mwaka 1838, Paris, Louis Daguerre alielekeza chombo chake kutoka dirishani kwenye barabara ya Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara ya pilikapilika, magari ya farasi na watembea kwa miguu. Lakini bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na chochote kilichokuwa kikienda hakikuacha alama. Mji mzima ukafutika. Akabaki mtu mmoja, pembeni, mguu umeinuliwa, kwa sababu alikuwa amesimama akipigwa viatu rangi. Na mbele ya mguu huo, kama doa, yule anayeming'arishia. Kwa kadiri inavyojulikana hao ndio binadamu wa kwanza kuingia kwenye picha. Hawakulipia. Hawakujua. Matajiri waliokuwa wakipita na magari yao siku hiyo hawapo, na mng'arisha viatu yupo, ingawa jina lake hatulijui. Huwa namfikiria nikipita Posta, mbele ya vijana wenye viboksi vya rangi na brashi, mteja ameinua mguu mmoja na kusoma gazeti, daladala na bajaji zinakimbia nyuma yao. Kamera ya leo inakamata kila kinachokimbia, sehemu moja ya elfu ya sekunde inatosha, hata tone la jasho linasimama hewani. Basi kilichokuwa kinachaguliwa na chombo sasa lazima kichaguliwe na mtu. Naona sisi tumerudi kwa wale wanaokimbia.

Au tuchukue Bamako. Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na watu wa mji wakaja wamevaa walivyotaka kuonekana, wengine wakiazima redio yake, wengine wakiegemea gari lake. Kila mmoja aliagiza kitu kidogo na cha wazi: picha ya kumpelekea mama, ya kumwonyesha mchumba, ya kuthibitisha kwamba mjini mambo si mabaya. Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilitundikwa kwenye maonyesho New York, zikaandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana, na mwenyewe akiwa hai nyumbani kwake na negativu zake sandukuni. Leo ziko kwenye kuta za majumba makubwa ya sanaa, na watu wanasimama mbele ya msichana wa Bamako wakizungumzia ukoloni, mitindo, Afrika. Msichana alitaka tu mama yake aone kitambaa. Nikiingia Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Zanzibar, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, napata hisia hiyo hiyo ya watu waliokuja dukani kwa shida zao na kujikuta wamekuwa historia ukutani. Wageni wananunua nakala. Wengi wa waliomo kwenye picha hawana wa kuwauliza kama wanakubali.

Hapo ndipo fikra zangu zinapokwama, na sioni haya kukwama. Kama picha itafanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia, je, aliyepigwa alikubali kazi ipi? Shangazi alikubali, kama kukubali ni kutoniona, kuwemo kwenye kumbukumbu ya harusi ya mpwa wake. Hakukubali kuchekea jeneza lake mwenyewe. Macho hayana pazia, ndivyo tunavyojitetea, lakini macho hayatunzi na hayatumi. Kamera inatunza na kutuma. Mwambao wanalielewa jambo hili kuliko sisi wa kumbi za Dar es Salaam. Kwenye shughuli za wanawake, Zanzibar, Tanga, Mombasa, huingii kama wewe mwanamume hata ukiwa na kamera ya dhahabu. Anaitwa mpiga picha mwanamke, na wapo wengi sasa, hodari kweli, na mara nyingi simu za waalikwa hukusanywa mlangoni. Ndani, buibui zimevuliwa, nywele zimeachiwa, hina bado mbichi, watu wanacheza bila kujilinda. Picha zinapigwa, zinakabidhiwa mkononi, na mapatano ni kwamba haziendi popote. Mwenzangu mmoja anayefanya kazi hizo huziondoa kwenye kompyuta yake mteja akishathibitisha amezipokea. Nilimwuliza kama haumii, maana najua baadhi yake ni kazi nzuri kuliko zangu zote. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini daktari hatangazi wagonjwa wake. Siku ikifika, mmoja wa akina mama wale akiondoka, itakayotafutwa itatafutwa ndani ya nyumba yao, kwenye kabati lao, wao kwa wao. Simpingi. Lakini mimi siwezi kufuta, na sitajifanya ninaweza.

Kwa hiyo natunza, na kutunza huku pwani ni vita. Akiba haiozi ni methali ya watu waliohifadhi nafaka bara. Filamu ya Dar es Salaam inaoza. Unyevu unaingia kwenye negativu, zinashikana, zinatoa harufu ya siki, rangi zinageuka zambarau. Lenzi nazo zinaota ukungu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, na ukishauona umeshachelewa. Tuliozaliwa na kazi hii tunajua dawa za kienyeji: sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, vifuko vya kunyonya unyevu vilivyookotwa kwenye maboksi ya viatu, balbu ndogo inayowaka kabatini kutwa. Diski hazioti ukungu, ila zinakufa bila kuaga. Unaichomeka asubuhi, inalia kidogo, basi. Kwa hiyo kila kazi iko kwenye diski mbili zisizolala chumba kimoja, na hii ni gharama ambayo hakuna mteja anayeijua, maana mkataba unaniambia nitunze picha miezi mitatu tu. Mkataba niliuandika mwenyewe. Nasikia vijana wakisema kufuta ni afya, mtu aachie nafasi mpya. Huenda. Lakini nikitaka kufuta naanza na zile zisizo na maana, meza za nyuma, migongo, mikono, kisha namkuta mtu, na mkono unaganda juu ya kitufe.

Watu wa magazeti wakikutana na mpiga picha humwuliza msukumo wake unatoka wapi, na wenzangu wengi hutaja majina ya Wazungu au machweo ya Bahari ya Hindi. Machweo ninayauza, siyatafuti. Ninachokitafuta asubuhi ambazo sina kazi ni watu wakiwa kwenye shughuli zao, hawajajipanga. Nakwenda soko la samaki la Feri kabla jua halijapanda, samaki wanapomwagwa na mnada unapoanza, madalali wanapiga kelele za bei na wanawake wa kukaanga wamesimama na ndoo, kila mmoja amekazia macho fungu lake. Siwaombi watazame. Nanunua samaki kwanza, nisalimiane, nikae, mpaka kamera ichoshe macho yao. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nainama kwelikweli, goti kwenye maji ya magamba, kwa sababu pale chini ndipo mikono inapofanya kazi: inahesabu, inapindua, inasukuma, inashika bega la jirani ili isiteleze. Niligundua, nikipanga picha za Feri kwa ajili yangu mwenyewe, kwamba nyingi hazina nyuso. Zina mikono, na mara nyingi mkono ulio juu ya mtu mwingine. Labda ndilo jambo ambalo nimekuwa nikipiga miaka yote na kuliita keki, pete, kamati. Watu wa huku hawasimami peke yao kwenye picha. Mwambie mtu mmoja asimame, ataita wa pili. Waweke wawili, mkono utapanda begani kabla hujahesabu moja. Paspoti saizi inawasumbua kwa sababu hiyo hiyo: inamtaka mtu awe peke yake, ukuta wa bluu, masikio yote mawili, asiguswe na yeyote.

Jumamosi nina harusi Mbezi. Mwenyekiti wa kamati amenitumia orodha, ndefu, yenye herufi kubwa, na chini ameongeza kwamba hawataki picha za hovyohovyo, walio muhimu tu, kwa kuwa bajeti ya albamu ni ndogo. Nimemjibu kwamba nimeelewa, mwenyekiti, na nimemkumbusha habari ya nusu iliyobaki. Kijana wangu wa taa ameisoma orodha ile, akaniuliza kama safari hii pia tutazunguka meza za nyuma, maana betri za taa zinakwisha kule na mwenyekiti ameshasema. Nimemwambia tutaanza na wa kwenye orodha, wote, mpaka mwenyekiti mwenyewe aridhike na tumbo lake limetokea vizuri. Kisha tutakwenda nyuma. Akataka kujua tutakaa kule hadi saa ngapi. Hadi pilau ifike, nikamwambia. Mtu akishaanza kutafuna hapendi kupigwa picha.